Fromaji Sita Mbele ya Kamera

Miaka arobaini niligeuza maziwa ya Masisi kuwa fromaji, yaani jibini, hapa Kibabi, kabla ya kustaafu. Moja iliniponyoka mlimani, ikabingirika mpaka Bweremana, ikapita vizuizi vitatu bila kuombwa kitambulisho. Watu hawaniamini. Shauri yao.

Hii ya Uwamwezi ni kweli tupu. Mjane huyu nilimfundisha kazi mwenyewe, kwa Papa Byamungu, mwenye kiwanda. Fromaji zikaanza kupungua. Mama Murekatete, mke wa Byamungu, akataka kamera, ikafungwa mlangoni mwa ghala. Jumapili Byamungu akatuma video kwenye grupu ya kijiji: Uwamwezi anatoka na fromaji ndani ya kitenge. Sekunde nane. Misa haijaisha, ilishafika Walikale kwa kaka yake Uwamwezi, naye akampigia dada yake simu kwa aibu. Byamungu akamwambia kesho asije kazini. Uwamwezi akanijia mbio.

"Papa Straton, nilikuwa naenda kuipangusa na maji ya chumvi, vile ulinifundisha! Na nikairudisha!"

Nikaandika hivyo kwenye grupu. Wakanicheka.

"Muzee, ile fromaji imeota tena miguu?"

Basi nikabadili. Nikatuma sauti: "Mwizi njo mimi. Nilikula sita siku moja, na ngozi yake. Muniangalie mu kamera."

Hakuna aliyeamini, ila Mama Murekatete alitamani kuniona nikitafuna. Akamnyang'anya mumewe simu, akaangalia video zote tangu mwanzo. Mimi simo. Uwamwezi anatoka na fromaji, anarudi nayo, kila siku. Halafu Jumatano, saa nne asubuhi, anaingia Byamungu mwenyewe, mkate kwapani. Anatoka akipangusa sharubu. Alisahau kwamba kamera haijui bosi ni nani.

"Byamungu! Na munganga alikukataza chumvi!"

"Nilionja tu, mama..."

"Nzima?"

Uwamwezi alipoitwa hakupiga kelele, alimwambia Byamungu: "Papa, ulinichafua mu grupu, unisafishe mu grupu. Na sauti yako. Na video iwe nzima."

Byamungu alirekodi mara nne, akikohoa. Ya tano akaituma.

Tulingoja nje ya kiwanda, simu juu ya goti la Uwamwezi, mtandao ukijikokota. Hatimaye ikalia. Kaka yake.

"Dada, unisamehe. Nimesikilizisha watu wote hapa Walikale. Wanauliza huyo papa anakula mkate gani."

Uwamwezi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akajifunga kitambaa chake cha kazi, akaingia ndani.