Kijibendera cha Nne

Kwa nini nyambizi iliyozamisha meli tatu irudi bandarini na vijibendera vinne? Swali hilo lilinisumbua tangu Jumatatu. Ijumaa ilifika nikiwa bado sina jibu, ilhali Jumapili nilitakiwa kusimama mbele ya wazee kumi na mmoja na kuwasomea historia ya utumishi wa chombo chao.

Wao wenyewe ndio walioniomba. Babu yangu, Hinrich Plambeck, alikuwa mwendesha redio katika nyambizi hiyo, ambayo mabaharia wake waliipa jina la Bata. Nami nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya historia katika Chuo Kikuu cha Kiel. Kila Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, wale waliosalia hukutana Laboe, kwenye mnara wa ukumbusho wa mabaharia, huweka shada la maua, kisha hunywa kahawa kwa keki ya siagi. Mwaka huu wa 1983 ilitimia miaka arobaini tangu safari yao ndefu kuliko zote. Mwenyekiti wao, Bwana Lüthje, ambaye vitani alikuwa ofisa wa zamu, alinikabidhi kasha la karatasi na kunitania kwamba profesa asiye na ndevu ni nafuu, maana hali keki nyingi. Niliwapenda wazee hao, na ndiyo sababu hofu yangu ilikuwa kubwa.

Mambo mengine yalikuwa wazi. Bata alishushwa majini mwaka 1941, akaenda safari sita, na Mei 1945 akazamishwa na mabaharia wake mwenyewe ili asitekwe na adui. Kwa kila meli waliyoiangamiza walishona kijibendera cheupe, wakaandika juu yake uzito wa meli, na siku ya kurudi wakavitundika kwenye mlingoti wa darubini ili watu wa gatini wavihesabu. Picha ya Aprili 1943 ilionyesha vinne. Daftari la safari hiyo lilitaja meli tatu. Tena kurasa za siku tatu za mwezi Machi zilikuwa zimepigwa kwa taipureta nyingine, yenye herufi nyembamba zaidi.

Chini kabisa ya kasha nilikuta barua tatu za mwanamke wa Bremerhaven, Gesine Ohlsen. Baba yake alikuwa mpishi katika meli ya mizigo ya Kijerumani iliyokuwa ikirudi kutoka Mashariki ya Mbali. Ilipotea Machi ileile, na serikali ilimwandikia mama yake kwamba kisa hakijulikani. Kila barua ilikuwa imejibiwa kwa mstari mmoja, wenye saini ya Bwana Lüthje: hatujui lolote. Barua ya mwisho ilikuwa ya Septemba. Mama huyo sasa alikuwa na miaka themanini na moja, mgonjwa, na bado alikataa jina la mumewe lichongwe kwenye jiwe la ukoo mpaka aambiwe alivyokufa.

Ijumaa mchana nilimkuta Babu akimenya viazi. Niliiweka picha mezani, na barua kando yake.

"Viko vinne, Babu."

"Macho ya bibi yako hayo. Naye hakuachi ufiche hata soksi iliyotoboka."

"Nimekuuliza, Babu."

Aliweka kisu chini. Meli ya nne, alinieleza, ndiyo ile ya mpishi; ilikuwa imepakwa rangi na kuwekewa dohani la uongo ili adui aidhani ni ya Waingereza. Nyambizi zote zilikuwa zimearifiwa kwamba hakuna meli yetu itakayopita eneo hilo kabla ya tarehe kumi. Nayo iliwahi kwa wiki nzima. Bata aliipiga topido mbili. Lüthje, aliyekuwa zamu juu, aliteremka ngazi akisema watu waliomo majini wanaita kwa Kijerumani. Nahodha akamjibu kwamba hata Waingereza husoma Kijerumani shuleni, akaamuru nyambizi izame. Jioni hiyo kijibendera cha nne kikashonwa.

"Kesho yake nikaanza kuwasikia watu wa makao makuu wakiiita redioni," Babu alisema. "Siku tisa, mjukuu wangu, nimevaa visikizi nasikia meli inaitwa. Nami najua kwa nini haiitiki."

Walipokwisha kupigwa picha bandarini, wakubwa wakachoma kurasa za siku hizo, zikaandikwa nyingine, na kila mmoja akaapishwa kunyamaza. Nilimwambia kwamba serikali iliyowaapisha ilikwisha kufa.

"Serikali imekufa. Lüthje hajafa. Kila Alhamisi anakuja hapa tunacheza karata. Ukiisoma hiyo Jumapili, Alhamisi nicheze na nani?"

Nilizikusanya barua na picha. Nilirudi chumbani kwangu Kiel, na Jumamosi nzima niliandika historia mbili, moja ya meli tatu na nyingine ya meli nne, nikizibadilisha mfukoni kana kwamba mfuko ungeniamulia. Nilijiuliza mimi ni nani hata niwahukumu watu waliokuwa na umri wangu, ndani ya bomba la chuma, wakiogopa ndege. Kisha nilimfikiria mama yake Gesine, mgonjwa kitandani Bremerhaven, nikaona kwamba yeye hakuomba hukumu ya mtu yeyote. Aliomba kujua. Hata hivyo historia zote mbili zilibaki mfukoni. Babu pia alikuwa ameniomba jambo, na alikuwa na haki ya kuogopa upweke.

Jumapili, baada ya shada, Bwana Lüthje aliniegemea sikioni huku akinimiminia kahawa. Alimimina mpaka kahawa ikafurika kwenye kisahani.

"Soma fupi, binti," alisema. "Meli tatu zinatosha."

Ndipo nilipoelewa kwamba alijua nilichokikuta, na kwamba barua zile hakuzitupa, ingawa kuzitupa kulikuwa rahisi. Nilimtazama Babu. Aliitazama sahani yake. Nilisimama, na wazee wakaacha kutafuna.

"Nitasoma meli nne," niliwaambia. "Ya nne ilikuwa yetu. Kesho nakwenda Bremerhaven kumweleza mjane wa mpishi wake, kwa mdomo wangu, mahali ilipozama na nani aliyeizamisha. Anayetaka kutoka kabla sijaanza, nitamsubiri atoke. Anayetaka kwenda nami, treni ni saa mbili asubuhi."