Chumvi ya Guylain

Kila Jumamosi asubuhi, kabla nyavu hazijafungwa magolini, Koldo Irazusta alimwaga maji ya beseni la bluu katika jiko la klabu ya mpira, akageuza vipande vya samaki kwa mkono, akafungulia bomba upya. Samaki huyo ni yule mkavu wa chumvi ambaye Wakongo humwita makayabu na Wabaski, watu wa kwao Irazusta, humwita bakailao. Hulowekwa siku nzima na zaidi, maji yakibadilishwa tena na tena, ndipo anafaa kupikwa. Irazusta aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake huko Bilbao, kisha katika mkahawa wake kando ya mfereji, Molenbeek, mjini Brussels.

Urais wa klabu aliupata kwa sababu ya supu. Alikuja kwenye uwanja wa klabu, Evere, kumtazama mpishi wake mmoja akicheza, akaonja supu ya kantini, akaomba kuonana na mhusika. Mhusika alikuwa rais wa zamani, mzee aliyechoka, aliyetamani kubaki kwake Ganshoren na kutunza mawaridi yake. Kufikia jioni Irazusta alikuwa na funguo zote. Wachezaji hawakulalamika, maana walianza kula vizuri.

Aliwachagua kama alivyochagua samaki. Aliwatazama mazoezini, mikono nyuma, halafu akamweleza kocha Donat, mtu wa Likasi huko Kongo, nani yuko tayari. Guylain, mshambuliaji, hakuwa tayari. Alipiga mpira kana kwamba umemtukania mama, aligombana na mabeki, na timu ikifungwa alilia waziwazi.

"Huyu chumvi ni mingi," alisema Irazusta, ambaye Kiswahili alifundishwa na waosha vyombo wake kutoka Lubumbashi. "Tumuloweke."

Guylain akawekwa kwenye benchi. Klabu nyingine hakuweza kwenda, kwa kuwa kadi yake ya mchezaji ilifungwa hapo hadi mwisho wa msimu.

Mwezi wa kumi maji yakaanza kumpanda. Yalitokea chini ya benchi, pale alipokaa yeye tu, yakamfika vifundoni, na Jumamosi iliyofuata magotini. Yalisimama kama yamo ndani ya beseni. Waliokaa kulia na kushoto kwake walibaki wakavu. Mwamuzi alikuja kuangalia, akakuta maji hayajavuka mstari wa uwanja, akapuliza kipenga mchezo uendelee. Donat alichovya kidole, akaonja.

"Ya chumvi," alisema.

"Basi inatoka," alijibu rais. Wakati wa mapumziko aliyachota mwenyewe kwa ndoo, maana maji ya kulowekea hayaachwi yakalala.

Hakuyamwaga. Aliyachemsha mkahawani mpaka yakakauka, akabaki na chumvi nyeupe, akaitia kwenye mchuzi. Wateja walikula, kisha wakaomba sahani ya pili. Mtumishi mmoja wa ofisi za Umoja wa Ulaya, mtu wa makamo mwenye tai, alitoka hapo akapiga kopo teke kutoka daraja moja hadi jingine, akijishangilia peke yake. Majira ya baridi yalipofika, foleni ya mkahawa ilikuwa ikianzia kwenye ngazi za metro.

Mama yake Guylain, Maman Antoinette, aligundua alipokuwa akifua. Zamani shati la mwanawe lilikauka na michirizi myeupe mgongoni. Sasa lilikauka kama halikuvaliwa. Nyumbani Guylain hakubishana tena na dada zake, na alishukuru kwa chakula bila kujua amekula nini. Jumapili moja, baada ya misa, mama alishika njia ya Molenbeek akiwa bado na liputa, kitenge chake cha kanisani.

"Président, nakuya juu ya mutoto."

"Karibu, Maman. Kaa. Umekula?"

"Sikukuya kula. Guylain akilia, machozi inatoka kama mayi ya robinet, ya bomba tu. Niliionja. Hakuna kitu ndani."

"Bon. Anakaribia."

"Anakaribia wapi? Mimi pia naloweka makayabu, Président. Ukiipitisha wakati, inakuwa coton, pamba tupu. Hata paka ya jirani anaikataa."

Irazusta aliinamisha kichwa kwa heshima, kwa kuwa lilikuwa neno la mpishi kwa mpishi. "Ni kweli. Lakini bado mayi moja ya kubadilisha."

Akamletea sahani, kwani kwake hakuna aliyeondoka bila kula. Antoinette alionja mara moja, akaweka uma chini.

"Huyu ni Guylain."

"Ndiyo, Maman. Mzuri sana, hapana?"

"Acha acheze sasa, mbele hajaisha yote."

Irazusta alifikiri, akaahidi dakika kumi, na ahadi yake aliitimiza.

Guylain aliingia uwanjani akijikausha miguu kwa taulo. Alikimbia vizuri, akatoa pasi safi, akamwomba radhi beki aliyemkanyaga yeye. Mwishoni mpira ulimkuta mbele ya goli tupu. Aliutazama, akatazama huku na huku, akampa mlinzi wa wapinzani.

"We Guylain!" Donat alipiga kelele. "Mupira ni matabishi, kitu ya bure, unamugawia tu muntu?"

"Alikuwa anautaka, Tonton," alijibu Guylain, naye alisema kweli.

Mechi iliisha bila bao. Kantini, Antoinette alimwendea rais moja kwa moja.

"Chumvi ya mutoto wangu inabakia ngapi?"

Irazusta hakuwa mtu mbaya. Alikwenda garini akarudi na chupa ya chumvi. Kiasi cha kijiko kilikuwa chini kabisa. Nyingine yote ilikuwa imeliwa na Brussels. Antoinette aliimimina hiyo ya chupani yote kwenye sahani ya mwanawe, na hakuna aliyempinga.

Guylain alikula taratibu. Katikati ya sahani aliacha kutafuna. Uso ukapata damu, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akapiga meza hata glasi zikaruka.

"Goli tupu! Tonton Donat, ulinionaka? Goli tupu! Président, Jumamosi ninaanza. Si ya dakika kumi. Ninaanza!"

Antoinette alimshika mwanawe bega, akacheka kwa sauti.

Irazusta aliinama juu ya meza. Alimgusa Guylain paji la uso kwa kidole, akakionja, akafumba macho.

"Maman, ulikuwa na raison, ulisema kweli," alisema kwa furaha ya kweli. "Imerudia, na ni kali kupita ile ya kwanza."

Kisha akamgeukia Donat.

"Jumamosi, benchi."