Begi la Chini ya Ngazi

"Mama Fagio, mimi sikatai kwamba ni la mwanao," alisema karani, kidole chake kikishuka polepole kwenye daftari jipya. "Lakini mwenyewe yuko wapi?"

Swali hilo Mama Fagio alikuwa amejiuliza miaka sita mpaka likamchosha. Alisimama mbele ya dirisha la ofisi, ufagio kwapani, akilitazama begi la kahawia kwenye rafu ya juu. Zipu yake ilikuwa imeharibika, ikashonwa kwa uzi mweusi. Aliishona yeye.

Ofisi hiyo ya vitu vilivyopotea, ambayo siku hizi ina kibao na muhuri, haikuanzishwa na mkuu wa stesheni, ingawa yeye ndiye aliyepigwa picha. Ilianza chini ya ngazi. Mwana wa Mama Fagio alidandia treni mbiombio, begi likabaki; akachungulia dirishani na kupiga kelele, "Niwekee, mama, narudi Jumapili!" Akamwekea. Jumapili ikapita, na nyingine nazo. Wiki ya tatu aliokota mwavuli wa abiria, akauweka kando ya begi, akijiambia kwamba akitunza cha mwenzake, huko aliko mwanawe kutapatikana mtu wa kumtunza wake. Ni mawazo ya mzazi hayo, usiyacheke. Vikafuata miwani, viatu, hata gongo la kiwete, na jinsi kiwete alivyoondoka bila gongo Mungu ndiye ajuaye. Watu wakazoea: ukipoteza kitu, kamwone Mama Fagio.

Hata kanuni ya kwanza ni yake. Siku moja bwana mmoja alijifanya baba wa msichana aliyesahau sanduku, akapewa, kumbe tapeli. Msichana alipokuja kulidai alilia mpaka sauti ikamkauka, na Mama Fagio hakulala vizuri wiki nzima. Kwa hiyo mkuu alipomuuliza vitu vitolewe vipi, alijibu bila kupepesa macho: "Apewe mwenyewe tu. Hata mama yake asipewe." Mkuu akaandika. Sasa maneno hayo yamepigwa chapa, yamebandikwa ukutani.

"Ni maneno yako, mama," karani alisema, bila ubaya. "Ile kanuni ya kuuza kila kilichokaa siku tisini ndiyo ya makao makuu. Mnada ni kesho."

"Basi nitalinunua."

"Wafanyakazi hawaruhusiwi. Ningekuwa na uwezo, wallahi..."

"Uwezo unao, mwanangu. Ufunguo huo hapo kiunoni."

Karani aliutazama ufunguo, akautazama ukuta, akalifunga daftari. Alikuwa na miezi miwili kazini na mke mjamzito nyumbani. Mama Fagio alimwonea huruma, na papo hapo akamchukia.

Kesho yake mnadani, muuza chai, aliyeahidi kumnunulia kwa siri, alipandisha bei mara mbili kisha akainamisha kichwa. Pesa zilikuwa zimemwishia. Begi lilichukuliwa na msafiri ambaye lake lilikuwa limekatika mkanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikata uzi kwa wembe, akatoa shati la buluu, suruali mbili na fulana, akazitazama, akageuka kutafuta pa kuzitupa. Akamwona mwanamke mwenye ndoo.

"Chukua, mama. Zitakufaa kupigia deki."

"Ahsante, baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Alijitenga nyuma ya nguzo, akalileta shati puani, akavuta pumzi ndefu. Lilinuka vumbi na dawa ya panya. Akajaribu kwenye ukosi. Akajaribu kwapani, taratibu, macho yamefumbwa, kama mtu anayetafuta neno lililo kwenye ncha ya ulimi. Vumbi tu.

Treni iliingia, abiria wakamwagika. Mmoja aliangusha chupa ya maziwa, ikapasuka mlangoni.

"Mama Fagio!" mkuu aliita. "Njoo upesi, watu watateleza!"

Alikuja. Akasimama juu ya maziwa bila kupiga deki, ndoo miguuni, shati limekunjwa kifuani, na watu wakawa wanamkwepa, mmoja mmoja, wakiomba radhi.