Albamu Nne za Marehemu

Jumanne saa nane mchana, Kiberiti alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha mazoezi, akizungushia plasta nyeusi waya wa maiki uliochunika, kaka yake alipoingia na kuuliza ni nani aliyemshushia kiti. Kweli kiti cha dramu kilikuwa kimeshushwa. Mpiga besi, ambaye kwa urefu wake walimwita Ngazi, alikuwa amekikalia asubuhi akila mkate. Ngazi akaomba radhi. Kaka mtu akakipandisha kiti, akakaa, akakagua vijiti vyake kimoja kimoja, akapiga miayo. Alikuwa amezikwa Jumamosi.

"Tunaanza na upi?" akauliza.

Kiberiti akasema waanze na ule wa mwendo wa kasi, ingawa katika nyimbo zao hakukuwa na wa polepole. Walikuwa bendi ya pop panki: gitaa linalokwaruza, dramu zinazokimbia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, na Kiberiti mwenyewe, binti wa miaka kumi na tisa, mfupi, nywele rangi ya kijani, akirukaruka na kupaza sauti kuhusu shule, mapenzi na watu wazima wasiosikia. Bendi iliitwa Kesho Hatuji. Chumba chao kilikuwa nyuma ya karakana ya majokofu, na siku ile mafundi walipunguza redio wakasikiliza, kama ilivyokuwa desturi yao. Fundi mmoja alisema dramu zimekolea kuliko wiki iliyopita.

Meneja alikuwa amewaokota miaka mitatu nyuma kwenye tamasha la shule, akawawekea mbele mkataba wa albamu sita. Siku hiyo kaka alikuwa na malengelenge, vidole vyote vimefungwa plasta, kalamu haishikiki. Kiberiti akatia sahihi mara mbili, yake na ya kaka yake, na tangu hapo ikawa ndiyo kawaida. Karatasi ya kuingia ukumbini, ya kupokea nguo za jukwaani, ya kukiri kwamba spika za watu hazijapasuliwa, zote alizitia sahihi mbilimbili bila kuzitazama, kama mtu anavyofuta miguu mlangoni.

Kuhusu kifo chenyewe hakuna mengi ya kueleza. Meneja hakuona haja ya dereva. Alikuwa amewapangia maonyesho matano kwa siku nne, kila moja mji wake, na kaka alipiga dramu jioni, akaendesha gari asubuhi. Siku ya nne, saa nne, jua limewaka na barabara imenyooka, alisinzia. Kazi ya Kiberiti pale mbele ilikuwa ni kumwongelesha, naye alikuwa amelala fofofo. Gari likagonga nguzo. Wengine walitoka na michubuko. Meneja alikuja msibani, akakaa mstari wa mbele, akasema kijana alikuwa na nidhamu ya kazi. Kiberiti hakutoa chozi siku ile. Alikuwa anajichukia mno.

Jumatano meneja alipita mazoezini. Akamwona marehemu nyuma ya dramu, akamsalimu, akaweka alama kwenye orodha ya mahudhurio.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kuulizia mtu mwingine."

Nyumbani, Mama alipopewa habari aliacha kukunja nguo.

"Amekula?"

"Hali, Mama."

"Mwambie aje nyumbani basi, hata kama hali."

"Anakuja kazini tu. Nimemwambia. Akishuka ngazi za karakana hivi, simwoni tena."

Mama akaendelea kukunja. Alikunja shati la mwanawe vizuri, akaliweka juu ya mengine. Aliumia, na hakuficha; alisema wazi kwamba angeambiwa hivyo mapema, angemkataza mtoto kazi yenyewe.

Mwezi uliofuata mtunza makaburi aliwaita. Alikuwa mzee mpole, mwenye toroli na koleo, na alikuwa amefanya kazi pale muda mrefu kiasi cha kuwajua watu wake kwa kuwasikia.

"Mama, sitaki kukutonesha," alisema. "Lakini asubuhi nikipita na toroli langu, chini huko nasikia kama bweni. Huyu anakoroma, huyu anajigeuza. Nikifika kwa mwanao, kimya. Huyu kijana hajawahi kulala hapa hata siku moja."

"Yuko kazini, mzee wangu," alisema Mama.

"Hapo ndipo penye shida. Kaburi lisilolaliwa miaka miwili hupewa mwingine. Si mimi niliyeitunga kanuni. Wenye kuhitaji ni wengi, na wengine wako tayari hata leo."

Kiberiti alimuuliza kaka yake kulikoni. Walikuwa wawili tu chumbani, yeye akifunga nyuzi za gitaa. Kaka alisema amejaribu. Hujilaza, huvuta udongo, na macho yanapoanza kuwa mazito husikia simu ya meneja ikiita.

"Simu yako ilisagika pale kwenye nguzo, Kaka."

"Naisikia hivyohivyo. Nikishaisikia, naamka. Mkataba una albamu sita, mdogo wangu, na sisi tumetoa mbili." Akapiga miayo, mdomo wazi, kama mtoto. "Nimechoka sana."

Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Alikuwa amekufa na usingizi, na ule usingizi haukumtoka. Malengelenge aliyokufa nayo hayakupona wala hayakuzidi. Hakuwa na njaa, hakuwa na hasira, wala hakumlaumu mtu. Alitaka kulala tu, na pa kulala palikuwa ni pale kaburini tu.

Kiberiti akapiga moyo konde. Albamu nne, miaka miwili. Bahati nzuri nyimbo zao zilikuwa fupi. Wimbo wa dakika tatu kwao ulikuwa hotuba. Akaanza kutunga kwenye foleni, kwenye ngazi, bafuni huku maji yakimwagika bure na Mama akigonga mlango. Ngazi akamfuata, akilalamika na kufanya kila alichoambiwa. Kaka aliingia kila siku saa nane, akapiga, akashuka ngazi za karakana na kutoweka.

Albamu ya tatu ndiyo iliyomfanya Kiberiti mtu mashuhuri. Mabinti wakapaka nywele kijani mpaka madukani rangi ikaadimika. Picha yake ikabandikwa kwenye kuta alizowahi kufukuzwa kuziegemea. Watangazaji waliusifu uchungu uliomo ndani ya sauti yake. Ulikuwa ni ugonjwa wa koo. Daktari alimwambia anyamaze wiki sita. Akamshukuru, akaenda zake studio, akaimba albamu ya nne kwa siku tisa. Jukwaani mashabiki walinyoosha mikono kumgusa mpiga dramu, wakaikuta ya kwake ni ya baridi, wakaambiana kwamba mpiga dramu wa Kesho Hatuji ana mikono ya baridi. Kila mtu alijua alishakufa. Iliandikwa hata kwenye jalada la kaseti, chini, kwa herufi ndogo.

Ya tano ikatoka. Ya sita waliimaliza Alhamisi moja alasiri, zikiwa zimebaki siku kumi na moja miaka miwili itimie. Pigo la mwisho la toazi lilipokwisha kuvuma, kaka aliviweka vijiti sakafuni, akiwa makini visibiringike. Ngazi akageukia ukuta. Kiberiti akamkumbatia kaka yake, na ile baridi yake ikampita kwenye fulana.

"Nakwenda kulala, mdogo wangu," alisema.

"Nenda, Kaka. Usiamke."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, bahasha kwapani. Akawapongeza. Akasema kuna karatasi za kufunga studio, na Kiberiti, macho yamejaa machozi na kamasi zinamtoka, akazitia sahihi juu ya goti, mbilimbili, zote.

Jioni ile mtunza makaburi alimpigia Mama simu. Alisema kijana amefika, amepitia getini kama watu, amemwamkia, amejilaza. "Nimetega sikio, mama. Anakoroma kuliko wote." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Usiku huo yeye na binti yake walilala kitanda kimoja, na nyumba ilikuwa nyepesi kama imefanyiwa usafi.

Alilala Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Jumanne saa nane mchana Kiberiti alikuwa kwenye chumba cha mazoezi, amekwenda kukusanya vitu vyake, kaka yake alipoingia. Alikuwa na alama ya mkunjo wa sanda shavuni, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha.

"Imeita tena," alisema.

Ofisi ya meneja ilikuwa na kapeti na feni. Meneja hakujifanya hamnazo. Alifungua droo mara moja, akamgeuzia Kiberiti karatasi ili asisumbuke kuinamisha shingo. Albamu sita nyingine. Chini palikuwa na sahihi mbili.

"Ni mwandiko wako," alisema. "Huo ni wako, na huo ni wako kwa ajili yake. Kama siku zote."

"Kaka yangu amekufa, bosi."

"Najua. Nilikuwepo msibani."

"Basi?"

"Basi mkataba hausemi chochote kuhusu hilo. Mimi nimeusoma, binti. Wewe je?"

Kiberiti akasema ataacha kuimba. Meneja hakukasirika. Alimweleza taratibu, kama anavyomweleza mtu ratiba ya safari, kwamba anaruhusiwa kabisa kuacha. Marehemu ataendelea kuja saa nane, atakaa nyuma ya dramu, na kwa kuwa bila mwimbaji hakuna albamu, hizo sita hazitakwisha kamwe. Kiberiti aliitazama feni ikizunguka. Alitafuta mlango katika maneno yale akaukosa.

Alirudi karakana kwa miguu. Kaka yake alikuwa anamngoja, kichwa kimeegemea ukuta.

"Ni mimi," alimwambia. "Aliniletea karatasi nikatia sahihi. Albamu sita."

"Ulizisoma?"

"Sikuzisoma."

"Mimi pia nisingezisoma."

"Garini nililala, Kaka. Nilitakiwa kukuongelesha. Na kwenye karatasi hizi nimelala tena."

Kaka alifikiri. Alifikiri polepole siku hizi.

"Ulikuwa na usingizi," alisema. "Wote tulikuwa na usingizi."

Hapo ndipo Kiberiti alipolia kwa sauti kwa mara ya kwanza, miaka miwili baada ya msiba, na mafundi wa majokofu wakazima redio kwa heshima.

Mama alikwenda kumsihi mtunza makaburi. Mzee alisikitika kwa dhati. Alisema siku nne si makazi, na kanuni ni kanuni. Angekuwa na uwezo angelifumba jicho. Siku kumi na moja zilipokwisha, kaburi akapewa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa utaratibu, aliyelala siku ileile na hakugeuka tena. Mama hakuacha kwenda. Miguu ilishazoea njia. Kila Ijumaa alimng'olea mwalimu magugu na kumwagia maji maua yake, na mjane wa mwalimu, walipokutana pale, alimshukuru, akamuuliza na yeye wake amelala upande gani.

"Wangu ni mwanamuziki," alisema Mama. "Yuko safarini."

Miezi minne baadaye Kesho Hatuji walipiga kwenye uwanja wa mpira, saa kumi alasiri, mbele ya watu elfu nane. Kaka hakukosea hata pigo moja, lakini Kiberiti, aliyemjua tangu kabla ya albamu zote, aliona kichwa kinamwangukia kifuani kati ya wimbo na wimbo. Baada ya wimbo wa kumi aliliweka gitaa chini, akaenda kwenye maiki. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza tu.

"Kaka yangu ana usingizi," alisema. "Naomba mnyamaze dakika mbili. Msipige makofi, msipige miluzi. Wenye watoto, washikeni."

Elfu nane wakanyamaza. Muuza maji aliyekuwa kwenye ngazi za jukwaa la watazamaji alisimama mguu mmoja juu ya ngazi, asishushe ndoo. Kaka aliitazama ile halaiki, akamtazama dada yake, akajiegemeza mbele, akalaza shavu juu ya ngozi ya dramu. Akafumba macho. Bendera za uwanja zilisikika zikijipiga kwenye milingoti. Ngazi alihesabu kwa saa yake ya mkononi, na dakika mbili zilipotimia alingoja kidogo, kisha akagusa uzi mnene wa besi.

Kaka akainuka. Kiberiti alimwendea akijifanya anarekebisha toazi.

"Umelala?"

"Sikulala," alisema. "Ila palikuwa patulivu. Asante, mdogo wangu."

Wakapiga nyimbo sita zilizobaki. Nyuma ya jukwaa meneja aliwapokea na taulo, mwenye furaha ambayo hawakuwahi kumwona nayo. Alisema kule ndiko kufanya kazi, watu wamelia, mpaka askari wa getini wamelia, na kuanzia sasa kile kimya kitakuwemo katika kila onyesho, baada ya wimbo wa kumi, na kwenye albamu ya saba kitapewa nafasi yake na jina lake. Akatoa kalamu, akaandika kwenye ratiba.

"Ila dakika mbili ni nyingi," alisema. "Wekeni moja."