Bendera Mbili

Kazi yangu ni kukaa na mama leba mpaka ajifungue. Mimi si mkunga. Nasugua mgongo, nashika mkono, nasema kile anachoshindwa kusema mwenyewe. Tuva, mama niliyekuwa naye safari hii, alinipa agizo moja tu.

"Sinia la bendera lisiingie humu mpaka nisikie mtoto analia."

Hapa Uswidi, mama akishajifungua huletewa mkate, jibini na kinywaji, na katikati ya sinia husimamishwa bendera ndogo ya taifa. Mwaka juzi mhudumu aliyeingia zamu hakuwa ameambiwa, akamletea Tuva sinia hilo huku Alva, mwanawe wa kwanza, amelala kifuani pake akiwa amekufa.

Nilimweleza mkunga, Gunvor, naye akawaonya wenzake.

Uchungu ulipokolea, Tuva aliniuma kidole.

"Pole, dada. Nitakununulia kingine."

"Chenye kucha nzuri. Haya, sukuma."

Mtoto alitoka kimya. Gunvor akamsugua kwa taulo. Tuva hakumtazama mtoto; alinitazama mimi. Kisha mtoto akakohoa, akalia kwa hasira.

"Sasa sinia lije," nikamwambia Gunvor.

"Ngoja," Tuva akasema. "Wekeni bendera mbili."

Gunvor akatoka kuagiza. Sinia lilipofika, Tuva alichomoa bendera moja akaishika kifuani, kando ya kichwa cha mtoto.

"Hii ni ya Alva," akasema. "Haya, nipe mkate. Nina njaa."