Ngazi za Upande wa Ziwa

Karatasi ilitoka Kinshasa mwezi wa pili, mwaka wa sabini na nne, ikiwa na mihuri mitatu. Ilisema kwamba kila jengo la kazi lenye ghorofa zaidi ya nne lazima liwe na mpango wa kuwatoa watu moto ukizuka. Mkurugenzi Ntakwinja aliisoma akiwa amesimama, akaguna, kisha akauandika mpango huo mwenyewe kwa mkono, mistari minane, akampa Cibalonza aupige mashine kabla ya saa sita.

Cibalonza alikuwa dactylo, mpiga mashine, wa ghorofa ya sita katika ofisi ya kahawa na kinkina, magome ya dawa ya malaria, jengo refu kuliko yote kwenye barabara ile ya Bukavu. Polio ilimkuta akiwa na miaka minne. Mguu wa kushoto ulifungwa chuma kutoka pajani hadi kiatuni, wa kulia ulikuwa mwembamba kama mkono, na alitembea kwa magongo mawili. Lakini akikaa mbele ya mashine, vidole vyake hakuna jicho lililoweza kuvifuata.

Siku hiyo vilisimama kwenye mstari wa nne. Mstari huo ulisema: wakati wa moto, ni marufuku kutumia asansere, yaani lifti.

Akachukua magongo yake, akaenda kubisha mlango wa mkurugenzi.

"Citoyen Directeur, samahani. Asansere ikikatazwa, mi nitashuka namna gani?"

"Wewe? Batakubeba."

"Nani?"

"Batu, Cibalonza. Batu batakubeba. Piga ile karatasi tu."

"Batu gani? Majina yabo iko wapi?"

Mkurugenzi akamtazama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu aliyezoea maswali yaishie kwake. "Moto haijawahi kuwaka hapa," alisema, akarudi kwenye simu yake.

Cibalonza alipiga mistari saba. Ule wa nne aliuacha mweupe.

Saa ya mapumziko, wenzake walipokwenda kula, alisimama juu ya ngazi kubwa za jengo na kuanza kushuka, gongo moja, mguu mmoja, gongo la pili. Alipofika chini shati lilikuwa limemgandia mgongoni, na saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini na sita. Ngazi mia moja na ishirini na sita. Moto ungemla mara tatu njiani.

Papa Télesphore, planton, bawabu wa mlangoni, alimvutia kiti. Kwenye kitambulisho jina lake lilikuwa Kulimushi, kwa sababu serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo. Lakini alikuwa ameitwa Télesphore kwa miaka hamsini na tano, na masikio yake yalikuwa bado hayajapata habari.

"Mwanangu, asansere imekufa?"

"Haijakufa, Papa. Nilikuwa najipima." Akamweleza yote.

Mzee akafikiri, akapapasa funguo kiunoni. "Ile ngazi ya nyuma unaijua?"

Hakuijua. Wala wenzake hawakuijua. Upande wa ziwa, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, Wabelgiji walikuwa wamejenga ngazi nyingine, nyembamba, ya saruji tupu, yenye ukuta wake na mlango wa chuma kila ghorofa. Papa Télesphore alipofungua, viti vilivyovunjika viliwaangukia miguuni. Ngazi nzima ilikuwa ghala: mafaili ya mwaka wa hamsini na nane, mapazia, magunia ya sampuli za kahawa yaliyotobolewa na panya. Cibalonza aliingiza kichwa, akatazama juu. Hewa ilikuwa baridi, ikitoka kwenye matundu ya ukuta. Moyo ukamdunda kwa furaha, mbele ya takataka zile zote.

Kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya mikono ya lazima kwa raia wote, na watu wa ofisi walikuwa wakifagia barabara mvua ikiwanyeshea. Cibalonza akarudi kwa mkurugenzi. Safari hii hakuuliza swali.

"Citoyen Directeur, Jumamosi hii tufanyie salongo ndani. Ngazi ya nyuma iko muchafu kupita barabara. Na ndani hakuna mvua."

Mkurugenzi alitazama dirishani, akaona mawingu yaliyokaa juu ya mtaa wa Kadutu, akakubali. Jumamosi mbili, watu themanini na watatu walipitishiana mafaili na viti kutoka mkono hadi mkono, wakinung'unika, kisha wakiimba. Kufuli zikatolewa, makomeo ya kawaida yakawekwa. Kila ghorofa ikapata ndoo mbili za maji, moja ya mchanga, na rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa waya, ya kugongwa kwa chuma kama kengele ya shule.

Likabaki lile swali la kwanza: nani atambeba?

"Baba yangu alibebaka Bazungu mu tipoye," Papa Télesphore alisema. "Kiti na miti mbili, batu bane. Bale Bazungu balikuwa bazito, lakini babebaji balishuka nabo milima. Nikiwa mutoto nilimuona anaifunga. Nitakufungia."

Alichukua kiti kimoja kati ya vile vilivyotolewa ngazini, akakiungia miguu, akapitisha miti miwili ya mianzi minene, akaweka mkanda wa kifuani. Mkurugenzi alipokiona alishika kichwa.

"Tipoye! Mu Zaïre ya leo! Unataka tukubebe kama mukoloni?"

Watu wakacheka. Cibalonza alihisi damu ikimpanda usoni, maana hilo ndilo lililokuwa likimuuma hata yeye. Tangu utoto alikuwa amechapana na yeyote aliyetaka kumwinua bila ruhusa. Lakini akamjibu.

"Mukoloni alibebwa sababu alikuwa anakataa kutembea. Mi nitabebwa sababu nakataa kufa. Iko tofauti."

Kicheko kikaisha. Wanaume wanne wa ghorofa ya sita wakatoa majina yao, na Cibalonza akayaandika. Jioni ile mstari wa nne ukapigwa mashine, na ukawa mrefu kuliko mingine yote.

Zoezi la kwanza lilikuwa aibu. Watu walirudi kuchukua mikoba, wengine walikimbilia ngazi kubwa kwa mazoea, na wabebaji walikosea kona ya ghorofa ya nne hadi Cibalonza akagonga goti la chuma ukutani. Dakika kumi na nne. Zoezi la pili, dakika tisa. La tatu lilikwenda vizuri, dakika sita, isipokuwa mtu mmoja hakutokea uani kuhesabiwa. Mkurugenzi alikuwa juu, akizungumza na Kinshasa kwenye simu.

Ripoti ya zoezi aliipiga Cibalonza. Mkurugenzi aliisoma kesho yake asubuhi, akiwa na kikombe mkononi. *Walioingia: 83. Waliotoka: 82. Waliokufa: mmoja, Mkurugenzi.*

Sauti yake ilisikika hadi ghorofa ya tatu. "Cibalonza! Umeniua?"

"Hapana, Citoyen Directeur. Simu ndiyo ilikuua. Mi nilihesabu tu."

Mkurugenzi akaisoma tena. Karatasi ile ilipaswa kwenda Kinshasa na sahihi yake chini ya kifo chake mwenyewe. Akaiweka mezani taratibu. "Tupange zoezi nyingine Ijumaa," alisema. "Na mimi nipe kazi." Cibalonza akampa: kupita kila ofisi, kufunga kila mlango, na kutoka wa mwisho.

Moto wenyewe ulikuja mwezi wa saba, Jumanne, saa nne na robo asubuhi, jua kali la kiangazi likiwa limekausha kila kitu. Ulianzia ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha kunakilia karatasi, ambako waya wa umeme ulitoa cheche juu ya chupa ya alkoli. Kufumba na kufumbua karatasi zote za chumba kile zilikuwa zinawaka, na moshi mweusi ukaingia ngazi kubwa na kupanda kama kwenye bomba la jiko.

Rimu ya ghorofa ya tatu ililia kwanza. Ya nne ikaitikia, ya tano, ya sita. Cibalonza alikuwa katikati ya neno. Hakulimaliza.

"Ngazi ya ziwa!" alipaza sauti. "Mikoba muache! Mushuke mu mustari!"

Na walishuka. Hilo ndilo alilolikumbuka zaidi baadaye: jozi themanini za miguu zikishuka kwa mlio mmoja, hakuna anayesukuma, mabega ya kulia yakisugua ukuta kama walivyofundishwa. Wabebaji wanne walikuja mbio na tipoye, wakamfunga mkanda, wakampa magongo mapajani, wakamwinua. Kona ya kwanza ikapita vizuri.

Kwenye kizingiti cha ghorofa ya tano wakakuta njia imezibwa. Nsimire, karani wa hesabu, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amekaa kwenye ngazi, midomo imepauka. Alikuwa amevuta moshi alipofungua mlango wa ngazi kubwa, na miguu ilikataa.

"Mupite," Nsimire alisema. "Mungu Nyamuzinda atanisaidia, nitakuja."

"Munitue chini," Cibalonza akasema.

Wabebaji wakatazamana. "Lakini jina yetu iko kwako. Tuko ba kwako."

"Kiti iko ya mwenye hawezi kushuka. Nsimire hawezi. Mi niko na matako, naweza kushuka nayo. Munitue!"

Wakamtua. Wakamfunga Nsimire mahali pake, wakamwinua, mzigo wa watu wawili, wakateremka. Cibalonza akabaki peke yake kwenye saruji baridi. Akanyoosha mguu wa chuma mbele, akaweka viganja kando, akajisukuma. Ngazi moja. Ngazi ya pili. Chuma kiligonga, kikagonga. Alikuwa na ngazi mia moja na tano, na mikono iliyombeba maisha yake yote.

Nyuma yake viatu vikashuka haraka. Mkurugenzi, jasho likimtiririka, milango yote ameifunga.

"Cibalonza! Kiti iko wapi? Kuja, nikubebe!"

"Ukianguka na mimi, tutaziba njia. Beba magongo!"

Ntakwinja akaokota magongo, akayakumbatia, akamfuata. Walipofika ghorofa ya tatu, moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa chuma kama ulimi mweusi, na rangi ya mlango imeanza kututumka. Cibalonza akakohoa, machozi yakamziba. Mkurugenzi akavua abakosi yake mpya, koti la wakubwa wa Zaïre, akaitumbukiza nzima kwenye ndoo ya maji, akaisokomeza kwenye ule mwanya. Moshi ukakatika.

"Songa," alisema, sasa akiwa na fulana tu. "Songa, mama, songa."

Akasonga. Ngozi ya viganja ilichunika, sketi ilichanika, na alihesabu kwa sauti, na mkurugenzi akahesabu naye. Kwenye ngazi ya mwisho mwanga wa jua ulimpiga usoni.

Lakini hakukubali pongezi za mtu yeyote kabla ya kuita majina. Alipewa magongo, akasimama uani mbele ya mistari, na orodha ikashikwa mbele yake kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinavuja damu. Akaita, wakaitika, ghorofa kwa ghorofa. Nsimire aliitika akiwa bado kwenye kiti, mkono juu ya tumbo.

"Kulimushi!"

Kimya.

"Kulimushi!"

Watu wakaanza kugeuka kutazama jengo, ambako madirisha ya ghorofa ya tatu yalikuwa yanapasuka. Mwanamke mmoja akalia. Cibalonza akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote:

"Papa Télesphore!"

"Niko hapa!" sauti ikajibu kutoka getini. Mzee alikuwa amelishikilia geti wazi kwa mgongo wake, akiwazuia wapita njia wasiingie, ili gari la maji lipate nafasi. "Sababu gani munanitafuta? Nilikuwa hapa tangu mwanzo!"

"Quatre-vingt-trois, themanini na watatu," Cibalonza akasema. Kisha akapaza: "Bote! Tuko bote!"

Vigelegele vilivyotoka hapo vilisikika hadi mtaa wa Nyalukemba. Waliokuwa sokoni walikuja mbio wakidhani ni harusi. Wabebaji wanne walimwomba Nsimire ashuke kwenye kiti, wakamgeukia Cibalonza na kumuuliza, kwa heshima, kama anakubali. Akakubali. Wakamzungusha uani mara tatu, juu ya vichwa vya watu, huku mkurugenzi akitangulia na fulana yake yenye masizi, akicheza vibaya sana. Ghorofa mbili ziliungua. Hakuna mtu hata mmoja aliyeungua.

Nsimire alijifungua mwezi wa nane, mtoto wa kike mwenye mapafu ya kupigia tarumbeta. Kabla ya mwaka kuisha, ofisi nyingine tatu za mjini zilimwita Cibalonza azipangie njia za kutokea moto ukizuka. Ya kwanza ilikuwa jengo la ghorofa tano, karibu na bandari. Wakubwa walimwandalia ramani, chai na kiti chenye mto.

Aliiacha ramani imekunjwa. Aliomba wafanyakazi wote waje, akawauliza ni nani kati yao hawezi kushuka ngazi upesi. Akasubiri. Mwishowe mhasibu mmoja mwenye mvi, aliyesimama nyuma kabisa, akainua mkono nusu.

"Macho yangu," alisema. "Mwaka wa pili sasa, ngazi siioni vizuri. Sikuambiaka mutu."

"Asante, Papa," Cibalonza akasema, akafungua daftari. "Jina yako nani? Tutaanzia kwako."