Uzito wa Kiti cha Nyuma

Mchi wa kutwangia muhogo ulikuwa umebanwa kati ya tairi jipya la gari na ukingo wa madigadi ya nyuma, lile bati la juu ya tairi, na Gharibu aliushika kwa mikono miwili kama anayemzuia mbuzi asitoroke. Ilikuwa Ijumaa mchana, mwaka 2014, uani kwao Kasulu. Kesho yake gari hilo lilipaswa kuongoza msafara wa harusi hadi Kibondo, na yale matairi mapana aliyolivika yalikwangua bati kila gari lilipobonyea. Ilibidi ukingo ule ukunjwe kwa ndani, ubanwe na mchi gari likisogea.

Rabia, mdogo wake, alimwaga maji ya moto ya birika juu ya rangi isije ikapasuka. Gharibu akapaza sauti:

"Sogeza!"

Abbasi, rafiki yake Gharibu, aliyekuwa kwenye usukani, aliachia breki kidogo. Gari likasogea, mchi ukabingirika, ukachomoka. Ukingo ukabaki vilevile.

"Nyuma ni jepesi, mwanangu," Abbasi akasema. "Linataka mzigo."

Gharibu akatazama barazani. "Mzigo si ule pale, umekaa bure?"

Barazani alikuwa baba yao, Mzee Mansuri. Kwa miaka thelathini aliuza vitenge, na hakuna aliyewahi kumwona dukani bila kanzu iliyopigwa pasi. Tangu apooze, miezi minane iliyopita, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja.

"Mzee, tukupandishe garini?"

"Haya," akasema Mzee Mansuri.

"Umeona? Amekubali."

"Kaka, usimfanyie hivyo." Sauti ya Rabia ilikuwa ndogo, kama kawaida yake. "Watu wanatoka msikitini sasa hivi."

Hilo ndilo Rabia alilolihofia: wale waliosimama safu moja na baba yake msikitini miaka yote wamkute amepakiwa kama gunia.

"Watoke. Watanisaidia kumpima kilo."

Gharibu na Abbasi walimbeba, mmoja mabegani, mmoja miguuni. Kofia ya mzee ilianguka, Abbasi akaikanyaga. Wakamsukumia kiti cha nyuma, gari likabonyea. Abbasi akarudi kwenye usukani, na safari hii mchi ulibana, bati likalia, ukingo ukaanza kujikunja. Kila gari liliposogea kichwa cha mzee kiligonga kioo, maana shingo haikuwa na nguvu ya kukizuia.

"Leo umefanya kazi, mzee!" Gharibu akacheka. "Tangu Ramadhani unakula tu."

Rabia akatua birika, akafungua mlango wa nyuma. Kanzu ya baba yake ilikuwa imelowa mkojo mapajani.

"Baba, nikushushe?"

"Haya." Mkono wake wa kushoto ukashika kanga ya Rabia, ukaing'ang'ania.

"Amesema haya, kaka. Anataka kushuka."

"Huyo? Hata ukimuuliza kama yeye ni papai, atasema haya."

Rabia akapitisha mikono kwapani mwa baba yake, akavuta. Hakutikisika. Akavuta tena, na hapo ndipo aliposikia kandambili za watu njiani. Mzee Saidi, aliyekuwa na duka jirani na lao, alisimama langoni na wenzake watano.

"Mansuri! Mashallah, unatolewa matembezi?"

Gharibu akafuta mikono kwenye suruali. "Nampungisha upepo, mzee wangu. Kukaa barazani siku nzima kunachosha."

"Mungu akulipe, mwanangu. Wengine wazazi wao huwafungia ndani." Mzee Saidi akainama kuchungulia. "Una bahati ya mtoto, Mansuri. Au siyo?"

Rabia alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo yote. Lakini wanaume sita walikuwa wanamtazama, na ulimi wake ukawa mzito kuliko baba yake. Alichoweza ni kuvua kanga ya mabegani na kuitandaza juu ya mapaja ya mzee, wasione.

"Haya," akasema Mzee Mansuri.

Wazee wakafurahi, wakaomba dua fupi, wakaenda zao.

"Bado upande wa pili," Gharibu akasema, akiuchomoa mchi. "Na wewe si umeshainamia humo? Ingia, kaa. Kilo zako zinafaa."

Rabia akaingia. Akafunga mlango, akakivuta kichwa cha baba yake kikalala begani kwake, mbali na kioo.

"Sogeza!"

Gari likasogea.